Tuvuke kwa Mbao? Mjadala wa Madaraja ya Kajiado

Mito mingi ya Kajiado ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mbuzi huivuka bila kulowa kwato, bodaboda hukatiza katikati yake, na malori hushuka humo kuzoa mchanga wa kujengea nyumba za Kitengela, Rongai na Nairobi. Kisha mvua hunyesha mbali huko juu, mahali ambapo ukiwa bondeni hata wingu lake hulioni, na njia uliyoizoea inajaa maji ya matope yanayobeba magogo.

Kwa miaka mingi jibu letu kwa mito ya namna hii limekuwa drifti: sakafu ya zege iliyolazwa juu ya mchanga, ili maji yapite juu yake na magari pia yapite juu yake, kila kimoja kwa zamu. Drifti hujengwa upesi na haigharimu sana. Ubaya wake ni kwamba humwachia dereva uamuzi asiokuwa na kipimo cha kuufanyia. Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa kwenye kivuko kama hicho, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mvua za masika ya 2024 ziliua watu zaidi ya 250 nchini Kenya, na Kitengela ilikuwa miongoni mwa sehemu ambako watu waliokolewa wakiwa wamezingirwa na maji.

Kila baada ya msiba tunadai daraja la zege, tunaahidiwa, tunangoja. Mimi nataka tuzungumzie daraja la mbao. Sisemi kivuko cha miguu, wala magogo mawili yaliyolazwa juu ya korongo. Nasema daraja la barabara lililopigiwa hesabu, la kubeba lori. Nimeupanga mjadala kwa sauti nne. Wasemaji ni wa kubuni. Fundi amepasua mbao Elburgon tangu ujana wake, Injinia ni mhandisi wa madaraja, Mama ni mfugaji wa upande wa Bissil, na Dereva huendesha lori la mchanga kati ya Isinya na Kitengela. Nitawaingilia inapobidi, na sitaficha niko upande gani.

Fundi: Injinia, kabla hujaniambia mbao ni za paa na milango, nikukumbushe jambo la kwetu wenyewe. Miaka ya 1970 Idara ya Misitu ya Kenya, kwa msaada wa Uingereza, ilibuni daraja la mbao la kuunganishwa vipande kwa vipande, kwa ajili ya barabara za mashambani na za msituni. Mwaka 1981 maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara ikalitolea ripoti nzima, na jina la Kenya liko kwenye kichwa cha ripoti hiyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, likalichukua, likaliandikia miongozo, likalipeleka mabara mengine. Honduras wamelijenga. Sisi tuliolizaa tunavuka mchangani.

Injinia: Sijalisahau, mzee. Ni ubunifu ninaouheshimu, na ngoja niwaeleze hawa wengine kwa nini. Daraja likibeba mzigo, upande wake wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa. Mbao hustahimili kubanwa vizuri sana. Kuvutwa nako hustahimili, ila si mahali ilipoungwa. Ukitoboa mbao, ukapitisha bolti, kisha ukavuta, itapasuka kufuata nyuzi zake. Basi wale wabunifu waliacha mbao juu na kwenye mishazari, wakaweka vyuma chini. Kila kipande ni kenchi yenye urefu wa mita 3, mfano wa pembetatu iliyopinduliwa, ncha yake ikitazama chini. Kwenye ncha hizo ndipo vyuma hupita na kufungwa kwa pini. Unaunganisha kenchi ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, mpaka umefika ng'ambo. Ukitaka daraja libebe zaidi, unaongeza safu za kenchi chini ya sakafu.

Dereva: Na linafikaje ng'ambo? Kreni haishuki kwenye makorongo yetu.

Injinia: Hapo ndipo penye uzuri wake. Kipande kimoja kinabebwa na watu. Unaziunganisha kenchi ukingoni, unaanza kuzisukuma kwenye roli zikiwa na mkono mwepesi wa mbele unaotangulia, au unazivuta kwa kamba ya chuma kutoka upande wa pili. Hakuna nguzo katikati ya mto. Kwa mito yenye upana wa mita 10 hadi 20, inatosha.

Nimesikia swali la kwa nini, kama lilikuwa zuri hivyo, halikuenea hapa. Jibu moja naliona katika historia yetu. Tulikutana na daraja la mbao kama kitu cha kushikilia mahali mpaka kitu halisi kije. Reli ya Uganda ilivuka mto Tsavo mwaka 1898 juu ya mbao za muda, huku daraja la kudumu likijengwa kando yake na simba wakiwala wafanyakazi. Tangu hapo, kwa macho ya ofisi, mbao ni za kupitia tu. Hata mbunge hawezi kukata utepe kwenye daraja la mbao bila watu kunung'unika kwamba wamepewa cha bei rahisi. Ulaya ya kaskazini mambo yako vingine. Finland ilifungua daraja la Vihantasalmi mwaka 1999, lenye mita 182, kwenye barabara kuu. Uholanzi, katika mji wa Sneek, ilijenga mwaka 2008 daraja la mbao linalokatiza juu ya barabara ya kasi, lenye uwezo wa magari ya tani 60, na likapigiwa hesabu ya kuishi miaka 80.

Mama: Hao wa Ulaya wana theluji, hawana mchwa. Sisi ukisimamisha kigingi cha boma leo, mvua mbili zikipita kimekuwa udongo. Nitavukaje na ng'ombe 40 juu ya kitu ambacho mchwa wanakila kutoka ndani?

Fundi: Mama, kigingi chako kimezama ardhini, tena hakikutiwa dawa. Mbao za daraja hazigusi udongo hata mahali pamoja. Zinakaa juu ya kingo za mawe na zege, na kati ya zege na mbao kunakuwa na bamba la chuma. Mchwa wa ardhini hupanda kwa kujenga njia ya udongo, na ukiiona njia hiyo kwenye zege unaikwangua. Halafu mbao zenyewe hutiwa dawa kwenye tangi kwa shinikizo, kama nguzo za stima. Dawa ya kupaka kwa brashi ni ya kujidanganya.

Mama: Dawa gani?

Fundi: Iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na arseniki.

Mama: Arseniki ni sumu.

Injinia: Ni sumu, Mama, na swali hilo lisipitwe haraka. Ikishaingia kwenye mbao hushikamana nazo, na ng'ombe kutembea juu yake si hatari. Hatari iko kwenye moto. Mbao hizo hazifai kupikia, kwa sababu moshi wake una sumu na majivu yake yanabaki na arseniki. Ng'ombe hupenda kulamba majivu kwa ajili ya chumvi, na wamewahi kufa kwa majivu ya mbao za aina hiyo katika nchi nyingine. Kwa hiyo kila ubao unaobadilishwa unahesabiwa na kurudishwa kiwandani. Usiachwe kando ya barabara uokotwe na mtu anayetafuta kuni.

Mama: Nani ataurudisha? Hapa kwetu mkandarasi huacha hata mifuko ya saruji.

Swali hilo la Mama halikujibiwa, na linanisumbua kuliko mchwa. Juu ya kuoza, kwa kweli, Kajiado ina bahati. Ukungu unaoozesha mbao huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 ndani ya mbao, tena kwa muda mrefu. Katika ukame wetu mbao iliyoinuliwa ikapitiwa na upepo haifikii kiwango hicho ila kwa siku chache za mvua, mradi maji yasipate pa kutuama. Ndiyo maana wajenzi wazuri wa madaraja ya mbao hutumia muda mwingi kwenye vitu vidogo: sakafu yenye mteremko, ncha za mbao zilizofunikwa, mwanya wa hewa kati ya ubao na ubao. Ncha ndipo mbao hunywa maji kwa wingi, na ncha ndipo fundi mvivu huacha wazi.

Injinia: Ukame nao una gharama zake. Mbao hupungua unene ikikauka. Bolti uliyoikaza vizuri mwezi wa Mei, Septemba utaizungusha kwa vidole. Maungio yaliyolegea hucheza kila lori linapopita, na tundu huzidi kupanuka. Basi daraja hili lazima likazwe upya baada ya kiangazi cha kwanza, na baada ya kila kiangazi kwa miaka michache. Zege haidai hilo.

Dereva: Tuseme yote hayo yamefanywa. Mimi nabeba mchanga. Niseme ukweli: siku zingine mzigo hauko kama karatasi inavyosema. Hilo daraja lenu litanibeba?

Injinia: Litakubeba likiwa limepigiwa hesabu ya lori lako. Mbao ina tabia moja inayokusaidia: mzigo wa muda mfupi inauvumilia kuliko mzigo unaokaa. Lori linalopita kwa sekunde chache si sawa na lori lililoegeshwa juu ya daraja usiku kucha. Ila hiyo ni akiba ya usalama, haikupi ruhusa ya kujaza lori kupita kiasi. Chuma cha chini na pini zake havina uvumilivu huo. Na nisikilize hapa, Fundi, kwa sababu sasa nakuja kwenye kinachonifanya nisite.

Fundi: Nakusikiliza.

Injinia: Norway ni nchi yenye misitu, viwanda, vyuo na wahandisi wanaojua mbao kuliko karibu taifa lolote. Februari 2016 daraja lao la mbao la Perkolo liliporomoka likiwa na lori juu yake. Maungio mojawapo yalikuwa yamekosewa kwenye hesabu. Wakakagua mengine, wakaendelea. Agosti 15, 2022, daraja la Tretten lenye mita 148, lililofunguliwa mwaka 2012 tu, likaanguka mtoni asubuhi moja na gari dogo na lori. Madereva wote wawili waliokolewa. Uchunguzi ulionyesha mshazari mmoja ulishindwa kwenye maungio yake: kipande cha mbao kiling'oka pamoja na pini zilizokishikilia, na daraja zima likafuata. Halikuwa na njia ya pili ya kuupitisha mzigo. Wakayafunga kwa muda madaraja mengine ya aina hiyo. Miaka 10, Fundi! Sisi tutawaambia nini watu wa Bissil?

Fundi: Tutawaambia ukweli huo huo uliousema. Lakini usiseme nusu yake. Juni 2017 daraja la Sigiri kule Busia liliporomoka kabla halijakamilika, wiki chache baada ya Rais wa wakati huo kulitembelea. Lile lilikuwa la mbao?

Injinia: La. Lilikuwa la chuma na zege.

Fundi: Na hakuna aliyesema tuache zege.

Hapa nadhani Injinia ana hoja nzito kuliko Fundi, japo moyo wangu uko kwa Fundi. Kuanguka kwa zege hakuifanyi mbao kuwa salama. Linalonipa tumaini ni sababu yenyewe ya Tretten, na liko kwenye umbo la daraja. Tretten ilikuwa kenchi kubwa mbili, moja kila upande wa barabara. Ukiondoa mshazari mmoja hakuna wa kuushika mzigo wake. Daraja lile la Kenya lina safu kadhaa za kenchi ndogo chini ya sakafu moja. Safu moja ikiumia, jirani yake huubeba mzigo huku sakafu ikianza kulalia upande, na mtu mwenye macho ataliona kabla halijafika mbali. Tena sehemu inayovutwa kwa nguvu zaidi ni ya chuma, maana hapo wabunifu wa hapa walikataa kuitegemea mbao. Wale watu wa Idara ya Misitu walifanya kazi na mbao za kawaida za mashamba ya serikali na mafundi wa kawaida, na unyenyekevu wao umo ndani ya umbo la daraja.

Injinia: Hilo nalikubali. Basi nikueleze tatizo la umbo hilo hilo, ambalo vitabu vya mito isiyokauka havilitilii mkazo. Kenchi ziko chini ya sakafu. Zinaning'inia zaidi ya mita moja kuelekea kwenye maji. Mto wa msimu hauleti maji peke yake. Unaleta migunga iliyong'olewa, mizoga, nyaya za ua, mabati. Gogo likijikita kati ya kenchi mbili, matawi yatajishika hapo, na ndani ya nusu saa una bwawa. Zege nzito huenda ikavumilia. Kenchi nyepesi ya mbao itasukumwa kando, tena mbao ina tabia ya kuelea.

Fundi: Utalifunga kwenye kingo.

Injinia: Nitalifunga, na bado nitataka liinuliwe. Sakafu ya drifti yenu iko chini mtoni. Daraja hili lazima likae juu ya alama ya juu kabisa ya mafuriko, uongeze kina cha kenchi, uongeze nafasi ya gogo kupita. Maana yake kingo ndefu za mawe pande zote mbili, na barabara ya kupandia. Kwenye udongo wetu mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, msingi wa kingo hizo si kazi ndogo. Mwishowe sehemu kubwa ya fedha za "daraja la mbao" itakuwa imezikwa kwenye mawe na saruji.

Dereva: Kama ni hivyo, kwa nini tusimalize na saruji? Viwanda viko Athi River, ng'ambo tu ya Kitengela. Mawe ya chokaa yanachimbwa hapa hapa Kajiado. Mbao zitoke Elburgon au Nyandarua, zipite Nairobi, zije kwetu kwenye mchanga na mawe!

Mama: Kijana wangu, umetaja mchanga, sasa nijibu. Kitanda cha mto wetu kimeshuka. Mahali nilipokuwa nachimba kisima kwa mikono na kupata maji, sasa ni mwamba. Nyinyi mnazoa mpaka karibu na kuta za vivuko. Hilo daraja liwe la mbao, liwe la zege, msingi wake mtauacha ukining'inia hewani.

Dereva: Mama, sisi tunapakia tunapoelekezwa.

Mama: Na anayewaelekeza hakai hapa.

Injinia: Mama ana haki. Madaraja mengi huanguka kwa maji kula msingi kuliko kwa uzito wa magari, na kuondoa mchanga ni kuyasaidia maji. Bila kupiga marufuku uchimbaji karibu na daraja, tena marufuku inayosimamiwa, mimi siweki saini kwenye mchoro wowote.

Fundi: Nimjibu Dereva juu ya saruji. Ni kweli iko karibu. Lakini zege ya daraja inahitaji maji mengi, mbao za kutengenezea umbo, kisha wiki za kusubiri ikomae, na msimamizi asiyepunjwa vipimo. Ukiwa Kitengela unavipata vyote. Ukiwa kilomita 60 ndani, kwenye kiangazi, unachimbia wapi maji ya kumwagilia zege wakati ng'ombe hawana ya kunywa? Kenchi zinatengenezwa kiwandani, zinakaguliwa kiwandani, zinakuja kwa lori moja au mawili. Kazi ya mtoni ni ya siku chache. Na likiharibika, unabadilisha kipande cha mita 3. Zege iliyopasuka unaibadilishaje?

Injinia: Na mbao zenyewe utazipata? Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji kwenye misitu ya umma na ya jamii. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuuondoa mkatazo, Chama cha Wanasheria kikaenda mahakamani. Viwanda vingi vidogo vilikufa katikati hapo. Huwezi kupanga madaraja ya miaka 30 kwa malighafi inayofunguliwa na kufungwa kwa tangazo.

Fundi: Hapo umenigusa kidonda. Miaka ile tulikuwa tunaona misaipresi iliyokomaa ikioza shambani, na Kenya ikinunua mbao Tanzania. Msaipresi hupandwa ili ukatwe baada ya miaka 25 au 30. Ule si msitu wa asili, na wanaochanganya shamba la miti na msitu wa Mau wameumiza vyote viwili. Na usiangalie Elburgon peke yake. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imekuwa ikiboresha mbegu za mukau kule Kitui, mti wa ukame ambao mbao yake ngumu huogopwa na mchwa. Ukame wa Kitui na wa Kajiado ni ndugu. Sakafu ya daraja ndiyo inayokwaruzwa na magurudumu na kubadilishwa mara kwa mara. Mukau uliopandwa leo na wafugaji wetu ungekuja kuifaa sakafu hiyo.

Fundi aliposema hivyo nilitamani mjadala uishie hapo, maana picha ya mfugaji wa Kajiado akiuzia kaunti yake mbao za sakafu ya daraja ni picha ninayoipenda. Lakini mti huo haujapandwa kwa wingi unaohitajika, na mtu anayevuka Aprili ijayo hawezi kuvuka juu ya mche. Daraja la kwanza likijengwa litakuwa la msaipresi uliotiwa dawa. Hilo ndilo lililopo.

Mama: Mmesahau wezi. Alama za barabara zimeng'olewa, vyuma vya kando ya barabara vimeng'olewa. Mnasema daraja limeshikwa na pini za chuma. Usiku mmoja tu!

Injinia: Hatujasahau. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya watu kukata minara ya umeme, na miezi michache baadaye biashara ikarudi. Pini za daraja hili lazima zichomelewe vichwa baada ya kufungwa. Inapunguza urahisi wa kubadilisha kenchi ambao Fundi anajivunia, lakini sina namna.

Fundi: Chomelea pini tatu kati ya nne, ya nne ifungwe kwa nati ya ufunguo maalumu. Kila safu.

Injinia: Ya nne ikiibwa?

Fundi: Basi chomelea zote. Tutakata kwa msumeno siku ya kubadilisha.

Mama: Na moto? Watoto huwasha moto chini ya vivuli.

Injinia: Mbao nene haiwaki kama kibiriti, Mama. Huungua kutoka nje, wastani wa milimita 0.7 kwa dakika, na makaa yanayojitengeneza juu yake hulinda mbao ya ndani. Moto mdogo wa watoto hautaliangusha daraja. Utaharibu vyuma na dawa, na utatoa ule moshi tuliousema. Kwa hiyo chini ya daraja pasikaliwe.

Sasa niseme msimamo wangu wazi. Sitaki daraja la mbao kwenye barabara ya Namanga inayokatiza Kitengela. Barabara ile inabeba mizigo ya nchi mbili, na zege yake inastahili fedha zote inazodai. Nataka madaraja ya mbao kwenye barabara za ndani, kwenye mito ya msimu isiyozidi mita 20, pale ambapo mpango wa zege umekuwa kwenye karatasi tangu watoto walio sekondari hivi sasa hawajazaliwa. Hapo ushindani wa kweli si kati ya mbao na zege. Ni kati ya mbao na drifti, na drifti imeua.

Na kikwazo kikubwa hakiko msituni wala kiwandani. Daraja la zege husamehe uzembe kwa miaka mingi kabla ya kuanguka; la mbao lina uvumilivu mfupi. Ni lazima mtu aende na spana na nyundo, apige mbao asikilize kama ina uwazi ndani, achungulie ncha, akwangue njia za mchwa, aondoe magogo kabla ya mvua. Kila lita ya petroli au dizeli tunayonunua ina shilingi 25 za matengenezo ya barabara tangu Julai 2024, na magavana na wabunge wamefikishana mahakamani kuhusu nani azishike. Wakati wao wanabishana, mtu wa spana hajaajiriwa.

Dereva: Mimi napita hapo kila siku. Nipe spana nitakaza.

Injinia: Asante, ndugu, lakini kukaza kupita kiasi huivunja mbao. Kuna kipimo. Mtu mwenye kazi hiyo afunzwe, alipwe, na jina lake liandikwe kwenye kibao cha daraja pamoja na tarehe aliyolikagua mara ya mwisho.

Fundi: Wa kutoka hapa hapa.

Injinia: Wa kutoka hapa hapa, akisimamiwa na mhandisi wa Mamlaka ya Barabara za Vijijini au wa kaunti, kutegemea barabara ni ya nani. Na hilo la barabara ni ya nani liamuliwe kabla ya kenchi ya kwanza kutoka kiwandani.

Mama: Na mimi niwe na uwezo wa kulifunga.

Injinia: Kulifunga vipi?

Mama: Maji yakifika alama fulani, au tukiona limelala upande, sisi tunaokaa karibu tuweke mnyororo. Tusimsubiri mtu wa Nairobi. Na dereva asitutukane.

Dereva: Mama, nani atakutukana?

Mama: Wewe hutanitukana. Wenzako nawajua.

Injinia: Mnyororo nauweka kwenye mchoro, pande zote mbili, na alama ya maji kwenye ukingo. Sheria ndogo ya kaunti ndiyo itakayompa Mama mamlaka, mimi siwezi kuichora. Na zabuni ikitangazwa, itake bei mbili: ya zege na ya mbao, kila moja pamoja na gharama za kuitunza kwa miaka 30. Mbao ikishindwa kwenye hesabu hiyo, Fundi, utakubali?

Fundi: Nikiiona hesabu nzima, nitakubali. Uweke na bei ya kuendelea na drifti.

Injinia: Hiyo sijui mhasibu ataiandika kwenye safu ipi.

Fundi: Aanze na Enziu.